Jasho Katika Shamba la Kuazima

Mwizi twajua la kumfanya, na mvivu twajua kumkemea. Lakini yuko mtu wa tatu ambaye mizani yetu haijampima sawasawa: mtu mwenye elimu na nia safi, aonaye hatari inamjia mwenzake, akamshika mkono na kumlazimisha kuiepuka. Je, ametenda wema? Na ikiwa yule aliyeshikwa akauchopoa mkono wake, tumwite mjinga? Swali hili si la wanafunzi wa falsafa peke yao. Katika milima ya Uluguru liliulizwa kwa majembe, kisha kwa makelele, kisha kwa bunduki. Na kwa kuwa maji ya mji wetu mkubwa kuliko yote yatoka katika milima hiyo, hapana shaka litaulizwa tena.

Msomaji wa Kigoma au wa Songea ambaye hajafika Morogoro yafaa aelezwe kwanza mahali penyewe. Milima ya Uluguru yainuka nyuma ya mji kama ukuta, na vilele vyake vya juu vyapita meta 2,600. Upepo utokao Bahari ya Hindi huugonga upande wa mashariki, pande za Kinole na Matombo, ukaacha huko mvua nyingi. Upande wa magharibi, kuelekea Mgeta, mvua ni haba zaidi na baridi ni kali. Humo ndimo uanzapo mto Ruvu na vijito vyake, na Ruvu ndio uinyweshao Dar es Salaam. Watu ni wengi, ardhi tambarare ni kidogo. Mluguru hulima mahali ambapo mgeni huona shida hata kusimama, na mvua kubwa inyeshapo baada ya kupalilia, mto chini yake hugeuka rangi ya matofali.

Twasema hayo mapema ili tusionekane twawabeza watu waliokwisha kufa. Mabwana Shamba wa serikali ya Kiingereza hawakuwa waongo. Udongo ulikuwa unakwenda kweli, na ulizidi kwenda baada yao. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya saa chache ilipiga pande za Mgeta, na milima ikameguka mahali zaidi ya elfu moja kwa siku moja. Wataalamu waliokwenda kuhesabu makovu yale waliona kwamba karibu yote yalianzia katika mashamba na katika majani ya malisho. Ndani ya msitu ni machache mno. Basi hatari ilikuwako. Wala hatusemi kwamba wakulima walikuwa hawaioni, maana wao ndio waliokuwa wakilala chini yake.

Mpango wa Waingereza, ulioshika nguvu tangu mwaka 1950, uliitwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi. Mteremko ukatwe vidato kama ngazi za nyumba, kila kidato kiwe tambarare, ili maji yapunguze mwendo na kuzama ardhini. Kuchoma mashamba nako kulikatazwa. Amri ilitoka kwa wakubwa wa serikali, ikapita kwa Sultani, ikashuka kwa majumbe, ikamfikia kila mlipa kodi. Na asiyechimba alipelekwa barazani kutozwa faini.

Watu walichimba. Twapenda msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu hadithi za uasi husimuliwa kana kwamba watu walikataa tangu siku ya kwanza. Walichimba, wakangoja mavuno, na mavuno yakaja pungufu. Udongo wa rutuba katika miteremko ya mashariki ni tabaka jembamba; ukikata kidato kirefu wauzika ule mzuri chini na kuuleta juu ule mwekundu usiozaa. Wenyeji walikuwa na namna yao ya zamani: magugu hulazwa mistari kuukata mlima, hufukiwa udongo, na mbegu hupandwa juu yake, hata shamba likawa na vingazi vidogo vinavyohama mwaka hata mwaka na kuoza vikawa mbolea. Namna hiyo haikuzuia kila kitu, lakini ililisha. Matuta makubwa yalidai kazi nyingi mno, na kazi ile iliangukia miezi ambayo mkulima angekuwa anafanya nyingine.

Mnamo Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, penye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu tangu mwaka 1897, wakasema basi. Kukatokea ghasia, askari wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Kabla mwaka haujaisha amri ya matuta ilikuwa imekwisha kuachwa. Miaka mingi baadaye, Bwana Shamba aliyetamka neno "tuta" huko milimani alitazamwa kwa jicho baya, hata kama alikuwa ni kijana Mwafrika mwenye maneno ya upole.

Maelezo ya kushindwa huko yalikuwa tayari siku ileile. Wakubwa wengine walisema ni ujinga. Wengine walisema ni wachochezi wa mjini, maana chama cha TANU kilikuwa kimezaliwa mwaka mmoja tu kabla, nao Waluguru walioishi Dar es Salaam walikuwa hawakuisahau milima yao. Siasa ilikuwako, hatukatai. Lakini siasa ni kiberiti. Mtu hawezi kuwasha kuni mbichi kwa kiberiti kimoja. Sisi twaona sababu ilikuwa ndani zaidi, katika swali ambalo halikuulizwa kabla kamba ya kupimia haijafunguliwa: shamba hili ni la nani?

Kwa Waluguru ardhi si ya mtu mmoja mmoja, wala haikuwa ya Sultani. Ni ya lukolo, yaani ukoo uhesabiwao kwa upande wa mama. Mkuu wa lukolo hurithi jina la mababu, na pamoja na jina hurithi uangalizi wa ardhi; huwagawia wana wa ukoo, na likibaki shamba humwazima mtu wa ukoo mwingine. Aliyeazima hutoa ngoto, ambayo kwa desturi ilikuwa zawadi ndogo ya mavuno, si kodi ya kumkamua. Maana yake ni kukiri kwamba shamba lina wenyewe. Naye aliyeazima haruhusiwi kupanda miti ya kudumu, kwani mti ni shahidi. Mahindi huvunwa yakaisha, lakini mwembe hubaki ukisema "nilipandwa na fulani", na wajukuu wa fulani wakaja kuudai pamoja na ardhi iliyo chini yake.

Sasa na tulitazame tuta la ngazi kwa macho ya watu hao. Tuta ni kama mti. Ni kazi ya kudumu, yabaki miaka. Mwenye kuazima alijiuliza: nikimwaga jasho langu hapa, je, mwenye shamba hatalitwaa likiisha kupendeza? Mwenye shamba naye alijiuliza: huyu mgeni akinijengea ngazi hizi, je, hatasema kesho kwamba amelinunua shamba langu kwa jasho lake? Naye mume aliyelima shamba la ukoo wa mkewe, ambaye ndiye mlipa kodi aliyeandikwa katika daftari la jumbe, aliamriwa kuchimba ardhi ambayo haitakuwa yake, wala ya wapwa zake walio warithi wake. Amri ilikuwa moja, lakini iliwakuta watu watatu wenye hofu tatu mbalimbali, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuishukuru.

Liko jambo jingine, nalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Waluguru wa zamani hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwako watu wenye heshima kubwa, kama Kingalu wa Kinole aliyejulikana mbali kwa habari ya mvua, lakini hapakuwa na mtu awezaye kuiamuru milima yote. Waingereza walipoleta utawala wa wenyeji katika miaka ya 1920 walitaka kiti cha kukaliwa na mtu mmoja, wakakiweka. Haikuwa dhambi, serikali yahitaji mtu wa kusema naye. Lakini kiti kile kilikuwa cha kodi na mashauri, ardhi ikabaki kwa wakuu wa koo, ambao hawakuwa na mshahara wala kofia. Basi serikali ilipotaka kubadili ukulima ilibisha mlango wa Sultani, na Sultani akaitika. Wenye ardhi walikuwa nyumba nyingine. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliochunguza mambo hayo na kuchapa kitabu chao mwaka 1960, waliutazama mkasa wa matuta pamoja na habari ya ukoo, ardhi na utawala. Hata kichwa cha kitabu chataja ardhi na siasa pamoja. Laiti uchunguzi ungetangulia na amri ikafuata.

Pengine msomaji atasema: hizo ni sababu za kutafutwa, watu wa mlimani hawapendi kazi ngumu, yamekwisha. Twamjibu kwa mifano miwili. Wa kwanza ni Mgeta, upande wa pili wa milima hiyohiyo. Huko wakulima wa mboga, waliozoea kabichi na mazao mengine ya baridi tangu siku za Wadachi na wamisionari, walijenga matuta na kuyatunza, kwa sababu kidato cha mboga chenye maji ya mfereji hurudisha fedha msimu uleule. Mfano wa pili ni Machakos, kwa jirani zetu wa Kenya. Katika miaka ya 1940 Wakamba waliyachukia matuta ya kulazimishwa, kama vile wanawake wa Murang'a walivyoyakataa mwaka 1948. Lakini miaka iliyofuata watu wa Machakos walijenga matuta mengi kuliko serikali ilivyopata kuamuru. Walifanya hivyo kwa vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wake ni wanawake waendao zamu kwa zamu katika shamba la kila mmoja, katika ardhi waliyojua itakuwa ya nani, wakipanda mazao yaliyokuwa na soko. Uchunguzi uliochapwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1930 hadi 1990 watu wa wilaya ile waliongezeka mara nyingi, ilhali mmomonyoko ulipungua. Jembe ni lile, mlima ni mlima. Kilichogeuka ni nani aliyeamua, na nani aliyejua kwamba jasho lake halitapotea.

Baba Mtakatifu Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1931 juu ya mambo ya jamii, alifundisha kwamba ni udhalimu kwa jumuiya kubwa kuinyang'anya jumuiya ndogo kazi ambayo hiyo ndogo yaweza kuitimiza yenyewe. Tukilipima jambo la Uluguru kwa neno hilo, serikali ya mwaka 1955 yapatikana na hatia. Kwa hiyo twamjibu yule mwenye nia safi tuliyeanza naye: kumshika mkono mtu aliye karibu kutumbukia shimoni ni haki yako, kwani hapana nafasi ya mazungumzo, lakini udongo hauendi kwa dakika moja. Unakwenda kwa miaka ishirini, na aliye na miaka ishirini hana udhuru wa kutouliza.

Hata hivyo mizani haina upendeleo, na neno lilelile lakata upande wa pili. Iko jumuiya ndogo kuliko lukolo: ni nyumba ya mume na mke na watoto wao. Tusiufanye ukoo kuwa mtakatifu kwa sababu tu serikali iliukosea. Baba Mluguru aliyepanda na kujenga maisha yake yote aliweza kufa akijua kwamba watoto aliowalea watakaa shambani kwa hisani ya wajomba wengine, na mwisho shamba litarudi kwa ukoo wa mamaye. Wako waliona hilo ni kinyume cha haki, na wengi wa wamisionari walifikiri hivyohivyo. Lakini kabla hatujapiga makofi, na tumtazame mjane. Katika makabila mengi ya nchi yetu yanayohesabu ukoo kwa baba, mume akifa ndugu zake huja na virago vya mke mkononi. Mwanamke wa Uluguru ana ardhi ya ukoo wake mwenyewe. Akiachwa au akifiwa, ana pa kupiga jembe. Desturi iliyomnyima baba ndiyo iliyomlinda mama. Anayetaka kuing'oa aseme kwanza atapanda nini mahali pake.

Wako wasemao dawa ni hati: kila mtu apewe karatasi ya kipande chake. Shauri hilo si jipya. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyotoa taarifa yake mwaka uleule wa 1955, ilishauri ardhi iwe mali ya mtu binafsi. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, akilipinga shauri la kuifanya ardhi bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, na nchi ikamfuata kwa miaka mingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilishika njia ya kati: ardhi ya kijiji husimamiwa na kijiji, haki ya kimila ina nguvu sawa na ile ya kupewa na serikali, hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kutolewa kwa mtu, kwa mume na mke pamoja, hata kwa kikundi, na desturi imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki haina nguvu ya sheria. Ni sheria njema kwa maneno yake. Twaogopa tu kalamu ya mwandishi wa hati aliyefika mlimani na haraka, akaandika jina la mume kwa mazoea, katika shamba lililokuwa la mama mzaa mke. Kosa la mwaka 1955 laweza kurudiwa kwa wino bila risasi hata moja.

Nalo suala la matuta limekwisha kurudi. Mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza huko Uluguru mradi wa namna nyingine: wanywaji wa maji ya Ruvu wawalipe wakulima wa juu ili waitunze miteremko. Shirika la maji la Dar es Salaam la wakati ule, DAWASCO, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza wakakubali kuwa walipaji, na wakulima wa kata ya Kibungo Juu wakajenga matuta, wakapanda miti, wakapokea fedha. Mabibi na mababu waliokumbuka faini waliona sasa wajukuu wao wakilipwa kwa kazi ileile. Twausifu mradi huo kwa jambo moja kubwa: ulikiri kwamba anayekunywa maji chini ana deni kwa anayelima juu. Kwa miaka mingi tuliona kinyume chake, mkulima akishitakiwa kwamba anauchafua mto wa watu wa mjini, kana kwamba mto ulianzia bombani.

Mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda katika mto huo ulitiwa sahihi mwaka 2022, na bwawa lolote lina adui mmoja asiyelala, nalo ni tope. Kwa hiyo mwaka wowote ujao magari yatapanda tena mlimani, yakiwa na miche na vipimo na pengine bahasha za malipo. Fedha ni afadhali kuliko faini. Lakini fedha nayo huuliza swali lilelile, ila kwa sauti tamu. Ikilipwa kwa ekari, nani anayepokea: mwenye lukolo, au aliyeazima ambaye mikono yake ina malengelenge? Na mche wa msitu uliopandwa katika shamba la ngoto, mahali ambapo desturi hairuhusu mti wa mgeni, utakuwa wa nani siku shamba likirudi kwa wenyewe? Mambo haya huamuliwa vizuri na watu wakiwa bado hawana ugomvi. Mkuu wa lukolo, waliojiazimia na wanawake walimao wakae na halmashauri ya kijiji, wakubaliane, wakaandike. Gharama yake ni siku moja ya maneno na karatasi moja ya kutiwa vidole gumba, kabla ya mche wa kwanza kushushwa garini.